Kuangalia matumbawe yanavyong'aa usiku kwa tochi ya buluu: mwongozo kamili kwa Unguja na Pemba

Mchana, tumbawe la duara lililo kina cha mita sita huonekana la rangi ya udongo, na wengi hulipita bila kuligeukia. Lifuate tumbawe hilohilo usiku wa kiza, ulimulike kwa tochi ya buluu huku umevaa kichujio cha njano machoni. Kila tundu lake litatoka kijani kikali, mfano wa jani la mgomba lililopigwa na jua kwa nyuma, na kuta zilizo baina ya matundu zitakuwa na wekundu wa kufifia. Rangi hiyo imo ndani ya tumbawe usiku na mchana. Mwanga wa jua ndio unaoifunika.

Mwongozo huu ni wa wazamiaji, waongoza watalii, wanafunzi wa sayansi ya bahari na wanakamati wa uvuvi wanaotaka kuiona rangi hiyo, kuipiga picha na kuitumia kutafuta matumbawe machanga ambayo macho ya mchana huyakosa.

Kinachong'aa ni nini

Ndani ya nyama ya tumbawe mna protini zinazomeza mwanga wa buluu na kuutoa tena ukiwa na nguvu pungufu kidogo, yaani kijani, njano, chungwa au nyekundu. Kitendo hicho huitwa fluoresensi. Protini ya kwanza ya aina hii ilitolewa na Osamu Shimomura katika kiwavi cha bahari (yavuyavu) aina ya Aequorea victoria mwaka 1962, na kazi iliyoanzia hapo ilipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2008. Protini zenye undugu na hiyo ziligunduliwa kwenye jamii ya matumbawe mwaka 1999. Protini za kijani hutoa mwanga wa nanomita 500 hadi 520 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina wake), nyekundu huanzia karibu 580.

Kuna wekundu mwingine usiotokana na protini hizo. Mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya tumbawe una klorofili, na klorofili ikimulikwa kwa buluu hutoa wekundu wa giza wa karibu nanomita 680. Majani ya bahari na utando wa mwani juu ya mawe hutoa wekundu huohuo. Kwa hiyo ukiona jiwe zima jekundu hafifu bila doa la kijani, mara nyingi unatazama mwani uliokaa juu ya tumbawe lililokufa.

Msichanganye jambo hili na zile cheche zinazoonekana ukipiga kasia usiku. Zile ni za viumbe wanaojitengenezea mwanga wenyewe. Tumbawe halitengenezi mwanga; ukizima tochi, giza linarudi papo hapo. Tena, si kila rangi nzuri ya mchana hung'aa. Zambarau ya ncha za matumbawe ya matawi mara nyingi hutokana na protini zinazomeza mwanga bila kuutoa, na chini ya tochi ya buluu ncha hizo huweza kuonekana nyeusi tititi.

Kwenye maji ya kina kifupi protini hizi husaidia kumkinga yule mwani na jua kali. Kina kikubwa, ambako mwanga uliobaki ni wa buluu karibu mtupu, baadhi yake huugeuza kuwa chungwa na nyekundu unaopenya zaidi ndani ya nyama na kumfikia mwani.

Tochi

Tafuta tochi ya kuzamia yenye taa ya LED ya buluu ya nanomita 440 hadi 460, ya wati 3 hadi 5 au zaidi. Mwanga wake uwe mpana kiasi, kwa sababu mwanga mwembamba sana huonyesha doa moja na kuacha lingine gizani. Iwe imeandikwa kina inachostahimili. Maandishi ya «haipiti maji» peke yake huwa yanakusudia mvua.

Watu wengi huanza na tochi ya urujuanimno (UV) kwa sababu ni rahisi kuipata dukani, ile ya kukagulia noti. Itaonyesha kitu, lakini vibaya. Protini nyingi za matumbawe humeza buluu vizuri kuliko urujuanimno, hivyo mng'ao huwa hafifu, na tochi za bei ndogo humwaga zambarau inayopaka kila kitu. Juu ya hayo, mwanga usioonekana huingia jichoni bila jicho kujua kujikinga.

Kufunika tochi nyeupe kwa plastiki ya buluu pia hakufai. Sehemu kubwa ya mwanga hubaki kwenye plastiki, na kijani na nyekundu kidogo hupenya na kuharibu kila kitu. Hata LED ya buluu halisi ina mkia wa kijani, yaani kijani kidogo kinachotoka pamoja na buluu. Tochi nzuri za kazi hii huwekewa kioo maalumu mbele kinachoukata mkia huo, na kama yako haina, majaribio ya hapa chini yatakuambia kama unakihitaji.

Usimulike tochi ya buluu machoni mwa mtu, wala usiitazame taa yake kwa karibu. Buluu kali hudhuru nyuma ya jicho, na huonekana hafifu kuliko ilivyo kwa sababu jicho letu halihisi buluu vizuri. Samaki nao wana macho: mulika, angalia, ondoa.

Kichujio cha njano

Hiki ndicho kifaa kinachoamua, na ndicho watu wanachokipuuza. Mng'ao wa tumbawe ni mdogo mno ukilinganishwa na buluu inayorudi kutoka kwenye mchanga na mawe. Bila kichujio utaona dunia ya buluu yenye madoa ya kijani hapa na pale. Kichujio kizuri huzuia kila kitu chini ya nanomita 500 hivi na kuachia kilichobaki.

Vipo vya kununua vinavyobandikwa juu ya miwani ya kuzamia. Unaweza pia kujitengenezea kwa plastiki ngumu ya akriliki ya njano iliyokolea, unene wa milimita 3, ile inayotumiwa na mafundi wa mabango. Pima uso wa kioo cha miwani yako, uongeze sentimita 1 kila upande, kisha kata kwa msumeno wa meno madogo. Laini kingo kwa msasa hadi zisikwaruze kidole. Toboa matundu mawili ya milimita 4 kwenye pembe za juu, pitisha ukanda wa tyubu ya baiskeli, funga kwenye mkanda wa miwani. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 baina ya plastiki na kioo ili maji yaingie na mapovu yatoke. Ukiibana kabisa, povu litanasa katikati na utaona ukungu mchezo mzima. Iwe inaweza kuinuliwa hadi kwenye paji la uso kwa mkono mmoja, kwa kuwa utataka kusoma geji na kumwona mwenzako kwa mwanga mweupe.

Majaribio mawili ya jikoni

Fanya haya kabla hujalipia boti.

La kwanza ni la kijiko. Zima taa za chumba, weka kijiko cha chuma mezani, kimulike kwa tochi ya buluu kutoka sentimita 30 na ukitazame kupitia kichujio. Kijiko kinatakiwa kionekane kama hakijamulikwa. Ukikiona cha buluu, kichujio kinavuja. Tafuta plastiki iliyokolea zaidi au weka tabaka mbili. Ukikiona cha kijani au cheupe, tochi ndiyo inayovuja na inataka kioo chake. Usitumie karatasi nyeupe wala kanga iliyofuliwa kwa sabuni ya unga, kwani zina dawa ya kung'arisha weupe ambayo huweza kung'aa yenyewe na kukudanganya.

La pili ni la viungo. Tia nusu kijiko cha chai cha manjano ya unga kwenye glasi, mimina vijiko vitano vya spiriti isiyo na rangi, koroga na uache dakika kumi ituame. Kwenye glasi nyingine, ponda majani matano ya mchicha kwa spiriti kiasi hichohicho, uyachuje kwa kitambaa. Fanya mbali na moto. Spiriti hushika haraka. Mulika. Glasi ya manjano hutoka kijani chenye njano, kali kiasi cha kushangaza. Mchicha, ambao kwa taa ya kawaida ni maji ya kijani, hutoka mwekundu kama damu, na huo ni mng'ao wa klorofili uleule utakaouona kwenye mwani wa baharini. Mchicha ukikataa, mara nyingi ni mzito mno. Ongeza spiriti, tazama ubavu wa glasi pale mwanga unapoingilia. Yote mawili yakiwaka na kijiko kikabaki kiza, vifaa vyako viko tayari.

Usiku gani

Hapa kalenda ya mwezi mwandamo inafanya kazi ambayo simu hazifanyi vizuri. Unahitaji mambo matatu pamoja: giza, maji yasiyovuta, na kina cha kutosha juu ya mwamba ili usiguse matumbawe. Usiku wa bamvua (maji makuu, yanayojaa na kupwa sana) la mwezi mchanga una giza, lakini mkondo ni mkali na maji hupwa kabisa karibu na saa nne usiku. Bamvua la mwezi mpevu lina mkondo na kupwa kuleule, pamoja na mbalamwezi inayofifisha rangi.

Usiku bora ni wa maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) ya mwisho wa mwezi, tarehe 22 hadi 24 hivi za mwezi mwandamo. Mkondo ni mdogo, maji hujaa kuelekea saa tatu au nne usiku, na mwezi hauchomozi hadi karibu na saa sita. Una saa tatu au nne za giza safi juu ya mwamba uliofunikwa. Maji mafu ya mwanzo wa mwezi, tarehe 8 hadi 10, yana utulivu huohuo, ila mwezi uko juu jioni na hutua usiku wa manane au baadaye.

Ingia si chini ya saa moja baada ya jua kuzama. Epuka siku za baada ya mvua kubwa za masika: maji yenye tope hurudisha mwanga na kuziba kila kitu. Wakati wa kusi (upepo wa kusini), pwani ya mashariki ya Unguja ina mawimbi, hivyo miamba ya magharibi kama Bawe na Changuu ndiyo inayofaa. Kwa Pemba, upande wa magharibi kwenye Misali una matumbawe mazuri, lakini ukingo wake huporomoka kwenda kina kirefu. Baki juu ya mwamba. Mnemba ina mikondo isiyomsamehe mgeni, na si mahali pa kujifunzia.

Maeneo ya hifadhi yana taratibu zake za vibali, na mengine, kama mwamba wa Chumbe uliofungwa kwa uvuvi tangu 1994, yana masharti makali zaidi. Uliza mapema. Hata nje ya hifadhi, mwarifu bwana diko (msimamizi wa mahali vyombo vya wavuvi vinapotua) na kamati ya wavuvi ya shehia. Taa zinazozunguka juu ya mwamba usiku hufanana na uvuvi haramu, na wanaolinda bahari yao wana haki ya kujua ni nani.

Majini

Kila mtu awe na tochi mbili, ya buluu na nyeupe, na mwenza mmoja asiyemwacha. Boti iache taa inayowaka muda wote. Kama hujawahi kuzamia mahali hapo, pazuru mchana kwanza.

1. Shuka kwa tochi nyeupe, kichujio kikiwa kimeinuliwa. Tulia, weka uzito sawa usielee wala kuzama.
2. Ukifika umbali wa mkono kutoka kwenye mwamba, zima nyeupe, washa buluu, shusha kichujio.
3. Subiri dakika mbili. Macho hayajazoea, na wengi hukata tamaa hapa wakidhani hakuna kitu.
4. Mulika kutoka sentimita 30 hadi mita moja. Zaidi ya hapo mng'ao hupotea.
5. Nenda taratibu, ukitazama pembeni na chini ya vivuli vya mawe pia.

Matumbawe ya duara yenye matundu makubwa huwaka vizuri, na yale ya nyama nono yenye mikunjo ndiyo mfalme wa usiku. Ya matawi huwaka zaidi kwenye ncha zinazokua. Tumbawe aina ya Galaxea huonyesha ncha za mikono yake za kijani zikichezacheza. Matumbawe makubwa ya Porites mara nyingi ni hafifu. Usiyahukumu kuwa yanaumwa. Usiku polipi nyingi (vijinyama vyenye mikono vinavyounda tumbawe) zimetoka kula, kwa hiyo unaona mikono iliyofichwa mchana.

Tazama na wengine. Baadhi ya anemoni huwaka kijani. Minyoo yenye nywele za kuwasha huonekana njano au kijani, na usiishike. Samaki-jiwe na jamaa zake huweza kuwa wekundu pale ulipodhani ni jiwe tupu, ingawa usitegemee tochi hii kukulinda nao: wengine hawang'ai. Utafiti wa mwaka 2014 ulitaja zaidi ya aina 180 za samaki wenye mng'ao.

Asiyezamia anaweza kuangalia vidimbwi maji yakiwa yamekupwa usiku wa bamvua. Vaa viatu vigumu, kanyaga mchanga au jiwe tupu, usikanyage tumbawe hata moja. Jihadhari na wale viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu, wala usiokote konokono wenye umbo la koni. Pwani kama Paje, Jambiani na Matemwe maji yakirudi hujaza mifereji iliyo nyuma yako kabla hayajafika miguuni. Ingia saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na yanapofika mwisho wa kupwa geuka urudi.

Picha

Weka kichujio cha njano kwenye lenzi, kile kile kilichofaulu jaribio la kijiko. Funga mizani ya weupe (white balance) kwenye mwanga wa mchana, takriban kelvini 5500. Ukiiacha ijichagulie, kamera itajaribu kuiondoa njano na kijani chako kitageuka kuwa rangi ya chokaa.

Kwa tochi, anza na ISO 800, tundu f/4 hadi f/5.6, kasi 1/60, umbali wa sentimita 20 hadi 40. Kwa flashi yenye kioo cha buluu, anza na ISO 400, f/8, 1/125. Kamera ndogo za michezo zipange ISO isizidi 1600 na upunguze mwanga kwa nusu hatua. Zikiachwa huru hukaanga kijani hadi kinakuwa cheupe. Lenzi ikishindwa kulenga, lenga kwa tochi nyeupe kwanza, funga ulengaji, kisha badilisha bila kusogea.

Picha ikitoka na ukungu wa buluu, kichujio kinavuja. Mchanga ukionekana kijani, tochi inavuja. Vumbi linalong'aa kila mahali ni mwanga uliosimama karibu mno na lenzi: utenge pembeni sentimita 20 au 30. Wekundu wa mwani uliouona kwa shida huenda ukatokea mkali kwenye picha, kwa sababu kamera hushika nanomita 680 vizuri kuliko jicho.

Kuhesabu matumbawe machanga

Hapa ndipo tochi hii inapolipa kuliko uzuri wote. Matumbawe ya Zanzibar yalipauka kwa joto la bahari mwaka 1998 na tena 2016, na swali la kila mwamba baada ya pigo kama hilo ni kama watoto wanashika. Tumbawe chini ya sentimita 1, lililojificha kwenye ufa wa jiwe lenye mwani, halionekani mchana hata ukiweka pua juu yake. Chini ya buluu huwa nukta ya kijani kwenye uwanja mwekundu.

Tengeneza fremu kwa bomba la plastiki la nusu inchi na kona nne, nafasi ya ndani iwe sentimita 25 kwa 25. Toboa matundu ili maji yajae na izame. Iweke juu ya mwamba uliokufa au vifusi vilivyotulia, kamwe juu ya tumbawe hai. Tafuta kwa buluu dakika tatu, ukipita mstari kwa mstari. Kwa kila nukta, inua kichujio na uthibitishe kwa nyeupe: tumbawe changa la mawe lina kikombe kigumu chenye mistari inayokwenda katikati kama vipande vya chungwa. Anemoni ndogo ni laini na hujikunja. Macho ya kamba hukimbia. Andika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki: namba ya fremu, kina, idadi iliyo chini ya sentimita 1, na iliyo kati ya 1 na 5. Fremu kumi kwa eneo ni mwanzo wa heshima.

Machanga mengine hayang'ai, kwa hiyo hesabu yako ni ya chini kuliko ukweli. Isiwe tatizo, mradi utumie tochi ileile, kichujio kilekile na dakika zilezile kila mara, uweze kulinganisha mwaka na mwaka. Mng'ao pia usiwe kipimo cha afya peke yake. Tumbawe linalopauka hupoteza mwani, na kijani chake huweza kuonekana kikali zaidi kwa sababu hakuna tena wa kukimeza. Ukiona kijani kikali bila wekundu wowote, washa nyeupe: kama nyama ni angavu na mifupa myeupe inaonekana chini yake, andika «limepauka» pembeni ya namba, na urudi baada ya wiki mbili kulitazama.

Ukifika nchi kavu, suuza tochi na kichujio kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kabla chumvi haijakauka. Fungua tochi ikiwa kavu kabisa, futa mpira wake wa kuzuia maji, upake tone dogo la grisi ya silikoni. Unywele mmoja uliolala kwenye mpira huo unatosha kuingiza maji na kuua taa usiku unaofuata.